Wanasema nimempa limbwata, na ukweli nimeapishwa nisiuseme

Shikamoo Mama Mshauri,

Nina miaka 43, ni mama wa watoto watatu, na tunaishi mji mdogo mkoani Dodoma. Mume wangu ana miaka 50, ni mfanyabiashara wa mahindi. Tulioana 1999. Mtoto wa kwanza alizaliwa 2000, wa pili 2006, kitinda mimba 2011.

Miaka mitatu iliyopita mdogo wangu alijifungua kwa upasuaji, tukaombwa ndugu wa kuchangia damu. Mume wangu alikuwa wa kwanza kujitolea. Baada ya siku chache akapigiwa simu arudi. Alipotoka huko alikaa kwenye ngazi ya uani, viatu hajavua, akaniambia damu yake imekutwa na virusi vya homa ya ini aina B. Kabla sijafungua mdomo akaniapisha kwa jina la marehemu mama yangu kwamba sitamwambia mtu, si ndugu zake, si watoto. Nikaapa. Ameupata wapi sikuuliza, na mpaka leo sijauliza, ila moyoni ninalo jibu langu, maana mtu wa mahindi hulala nyumba za wageni wiki nzima.

Mwaka jana miguu ilimvimba na tumbo likajaa maji. Hospitali wakasema ini limeshapata makovu. Alipewa dawa ya virusi ya kumeza kila siku na nyingine ya kutoa maji. Ile ya virusi aliiacha mwezi wa nne, kwa sababu alisoma mahali kwamba ndiyo hiyohiyo wanayopewa watu wenye virusi vya UKIMWI, akasema mtu akikiona kile kikopo amekwisha. Ya maji anameza akikumbuka.

Sasa, Mama, mwili wake umebadilika kwa namna inayonitia aibu kuiandika. Manyoya ya kifuani yamepukutika. Matiti yamevimba na yana maumivu, akiguswa na kamba ya begi anakunja uso. Unyumba hakuna, huu ni mwaka wa pili. Jua la Oktoba unavyolijua, yeye anavaa koti. Siku moja mtoto wa wifi yangu alimrukia mjomba wake kumkumbatia, akasema kwa sauti, "Mjomba ana maziwa kama mama!" Watu wote sebuleni walinyamaza. Mume wangu aliinuka akaenda kulala saa kumi jioni.

Kuanzia siku hiyo mawifi zangu wameshika neno moja: nimempa limbwata. Wanasema nimemgeuza mwanamke, nimemfanya zuzu. Na kweli amepoa. Mchana anasinzia dukani, usiku yuko macho anazunguka nyumba. Huyu ni mtu aliyekuwa anajumlisha magunia kichwani huku anaongea na simu. Wiki mbili zilizopita nilimkuta na kile kitabu chake cha mahesabu, anajumlisha 340 na 80. Alikaa nacho karibu nusu saa. Nilipochungulia, namba zilikuwa zimepinda na kupandana kama za mtoto wa chekechea. Nilikwenda jikoni nikalia.

Ningeweza kuwanyamazisha kwa sentensi moja. Lakini niliapa.

Na kuna jambo ambalo sijawahi kulisema popote. Mwaka 2013 nilisikia ana mwanamke mahali. Jirani akanipeleka kwa bibi mmoja, nikauziwa unga kwenye karatasi ya daftari, nikaambiwa nimtilie kwenye chai. Nilimtilia mara moja. Uliobaki niliutupa chooni kwa sababu nilipata hofu. Kwa hiyo mawifi wakisema limbwata, mwili wangu wote unaingia baridi. Je, kama ni mimi kweli?

Mwezi ujao wamepanga kumpeleka kwa mganga kijijini kwao akatapishwe na kusafishwa tumbo. Yeye amekubali, nadhani ili tu wasimuulize zaidi. Nivunje kiapo? Ninyamaze? Na ule unga nikiri kwake, au nife nao?

Mwenye Siri Mbili, Dodoma

---

Marahaba, mwanangu.

Nimeisoma barua yako usiku na asubuhi nikairudia, maana ina mizigo mitatu uliyoifunga kwa kamba moja: siri ya mumeo, tuhuma za mawifi, na ule unga wa 2013. Unaibeba yote kichwani kama kitu kimoja, ndiyo maana hata pa kuanzia huoni. Naomba tuifungue, kila mmoja tuutazame peke yake. Lakini kwanza nikueleze kinachotokea mwilini mwa mumeo, maana kabla ya safu hii nilikuwa muuguzi wodi ya wanaume miaka mingi, na wanaume waliolala na shuka limevutwa mpaka shingoni, wakificha kifua, nimewahudumia wengi.

Kila mwanamume ana homoni ya kike mwilini, estrojeni, kwa kiasi kidogo. Hakuna aliyemwekea, anazaliwa na uwezo wa kuitengeneza. Ile ya kiume, testosteroni, hutengenezwa kwenye korodani kwa amri ya tezi ndogo iliyo chini ya ubongo, yenye ukubwa wa punje ya njegere. Tezi zilizokaa juu ya figo nazo hutoa homoni zao, na sehemu ya hizo, zikifika kwenye mafuta ya mwili, hugeuzwa kuwa estrojeni. Mtu akiwa mzima hili halimsumbui, kwa sababu ini hukaa kama mlinzi wa mizani: linazikamata homoni zilizokwisha kazi, linazivunja na kuzitoa.

Ini likijaa makovu, kazi hiyo inalemaa. Homoni zilizopaswa kuvunjwa zinaendelea kuzunguka kwenye damu, na nyingi zaidi zinapata nafasi ya kugeuka estrojeni. Wakati huohuo korodani zinadhoofika, na ile testosteroni kidogo inayopatikana hushikwa kwa nguvu na protini inayoibeba kwenye damu, protini ambayo huongezeka ini likiwa na makovu, kwa hiyo mwili haufaidi. Mizani inainama upande mmoja. Matiti yanavimba na kuuma, manyoya ya kifua yanapukutika, hamu na nguvu za kiume zinaondoka. Wengine hupata viganja vyekundu na vijishipa kifuani vilivyotawanyika kama miguu ya buibui, ingawa kwenye ngozi yetu nyeusi si rahisi kuviona. Halafu kuna ile dawa ya kutoa maji. Inayotumika zaidi kwa wagonjwa wa ini nayo hupingana na homoni ya kiume, na kuvimba matiti ni moja ya madhara yake yanayojulikana sana. Kama ndiyo aliyopewa, daktari anaweza kuipunguza au kumbadilishia. Lakini wanaume wengi hawasemi. Wanaona heri waiache kimyakimya, na tumbo linajaa tena.

Kwa hiyo mumeo hakugeuzwa mwanamke. Na kule kukosa unyumba miaka miwili si kwamba amekuchoka, ingawa najua kitandani maelezo ya homoni hayampi mtu joto. Umeliandika jambo hilo kwa maneno machache tu ukalipita haraka, na mimi sitaki ulipite. Wewe nawe umefiwa na kitu, tena bila matanga. Una haki ya kukisikitikia bila kujiona mke mbaya.

Sasa ule unga. Uliniuliza kama ni wewe. Sijui kilikuwamo nini kwenye ile karatasi, na wala sitakwambia kwamba mizizi na majani hayadhuru ini, kwa sababu mengine yanadhuru kweli, na uliona sawa ulipoogopa. Lakini tazama mambo yalivyopangana. Mumeo ana virusi vilivyothibitishwa kwa kipimo cha damu, virusi vinavyojulikana duniani kote kwa kazi hiihii ya kuchosha ini polepole mpaka lijae makovu. Kwa hesabu za Shirika la Afya Duniani, mwaka 2022 watu milioni 254 walikuwa wanaishi navyo. Kijiko kimoja cha unga mwaka 2013 hakiwezi kumpa mtu virusi vya homa ya ini. Unachojilaumu, nadhani, si ini lake. Ni kwamba siku moja ulitaka kumshika mumeo kwa njia ambayo yeye hakuijua. Hilo ni la kwenu wawili na lina uzito wake, ila usilichanganye na ugonjwa.

Na mimi nikuulize kidogo. Unasema moyoni unalo jibu la alikoupata. Una hakika? Kati ya watoto wachanga 10 wanaoambukizwa virusi hivi, takriban 9 hubaki navyo maisha yao yote. Mtu mzima mwenye afya akiambukizwa, mara nyingi mwili wake huvifukuza wenyewe, wasiozidi 5 kati ya 100 ndio hubaki navyo. Na makovu kwa kawaida huchukua miaka mingi sana kujengeka, mara nyingi miongo. Mwanamume wa miaka 50 mwenye ini lililokwisha kupata makovu, uwezekano mkubwa ni kwamba alitoka navyo utotoni, labda kwa mama yake wakati wa kuzaliwa, labda kwa kucheza na kuumia pamoja na watoto wenzake, labda kwa wembe mmoja uliotumika kwa wengi. Sisemi hakuwahi kuwa na mwanamke mwingine, hilo silijui. Nasema ugonjwa huu si ushahidi wake. Miaka mitatu umenyamaza ukidhani unamstahi. Huenda na yeye amenyamaza akijua unavyomfikiria.

Hapa lipo jambo moja ambalo halisubiri mjadala wa kiapo. Ile jioni ya kitabu cha mahesabu. Kusinzia mchana na kukesha usiku, namba kupinda na kupandana, mtu mwepesi wa hesabu kushindwa 340 na 80: kwa mgonjwa wa ini lenye makovu, hizo ni dalili kwamba sumu ambazo ini lilipaswa kuzisafisha, hasa zile zitokazo tumboni, zimeanza kufika kwenye ubongo. Mawifi wanaita uzuzu. Wodini tulikuwa tunamwambia mgonjwa anyooshe mikono mbele, viganja vimeinuka kama anayezuia gari, tukatazama kama vinapigapiga kama bawa la ndege. Tulimpa pia kalamu aandike mstari uleule kila jioni. Hali hii ina matibabu, na mara nyingi akili hurudi. Mpeleke hospitali ya rufaa wiki hii, ukibeba kile kitabu. Hapa huhitaji kuvunja siri ya mtu, ni mke anampeleka mumewe hospitali. Akitapika damu, akipata choo cheusi kama lami, akichanganyikiwa au akawa mgumu kuamka, ni siku hiyohiyo, hata kama ni usiku wa manane.

Ndiyo maana ile safari ya mwezi ujao inanitia hofu. Simtukani mganga wa mtu, na najua mumeo anakwenda kununua amani. Lakini kutapishwa na kuharishwa hukausha maji mwilini, na hilo peke yake linaweza kumtumbukiza kwenye kuchanganyikiwa kabisa. Kutapishwa mtu ambaye huenda ana mishipa iliyovimba kwenye koo la chakula ni kucheza na kifo. Kushindishwa njaa ni hatari nyingine: ini zima huweka akiba ya sukari ya kumfikisha mtu asubuhi, la kwake akiba hiyo haina nafasi ya kukaa, ndiyo maana wagonjwa hawa tunawahimiza wale kitu kabla ya kulala, hata bakuli la uji. Na akichanjwa chale kwa wembe unaopita kwa wengine, virusi vinasafiri na wembe.

Haya, kiapo. Naona milango kadhaa mbele yako, na kila mmoja una kizingiti chake.

Unaweza kurudi kwa aliyekuapisha. Umwambie, "Baba watoto, uliniapisha nikulinde, na nimekulinda. Sasa kiapo hiki kinaniua. Nifungulie, hata kwa mtu mmoja tu unayemchagua wewe." Labda ni kaka yake, labda mzee mmoja anayemwamini. Uzuri wake ni kwamba siri inabaki yake. Hatari yake ni kwamba anaweza kukataa, na akishakataa utakuwa umebanwa zaidi ya ulivyo leo. Chagua saa ambayo kichwa chake kimetulia. Usifanye mazungumzo haya jioni ambayo namba zinapinda.

Unaweza kusema nusu ya ukweli: ini lake lina makovu, yuko chini ya daktari, na hata hayo mabadiliko ya mwili yanatokana na ini. Virusi huvitaji. Kwa watu wengi hilo lingetosha kuwatuliza. Ila kwetu ukisema ini watu husikia pombe, na kama mumeo si mnywaji watazidi kuuliza, na wewe utaendelea kujenga ukuta tofali kwa tofali.

Unaweza kumwomba akubali daktari au muuguzi aongee na ndugu mbele yake. Neno likitoka kwa mtu wa hospitali, wifi hawezi kusema umelitunga. Lakini asije akajikuta ameitwa kwenye kikao asichokijua. Mwanaume aliyekwisha aibishwa na mtoto sebuleni akiaibishwa mara ya pili na mkewe, sidhani kama atarudi kliniki.

Au unaweza kusema peke yako, bila ruhusa. Sitakuficha, kuna wanawake walionisimulia kwamba walifanya hivyo wakapumua. Wapo pia waliopata amani ya mawifi wakaipoteza ya chumbani.

Kabla hujachagua, weka na hili kwenye mizani yako. Kama kweli aliupata utotoni, basi ndugu zake waliozaliwa tumbo moja na kulala mkeka mmoja wanaweza kuwa navyo bila kujua. Huyo wifi anayekutupia maneno huenda ini lake linaliwa kimya hivihivi. Usimtupie neno hilo kama jiwe. Nimelisema kwa sababu mumeo huenda anaiona siri hii kama aibu yake peke yake, na hajafikiria kwamba ndani yake kuna habari ambayo dada zake wanaihitaji. Mwanaume ambaye hatakubali kusema ili akuokoe wewe, wakati mwingine atakubali kwa ajili ya dada yake.

Kuhusu kile kikopo: ni kweli, dawa hiyo hutumika pia kwa wenye virusi vya UKIMWI, na ni kweli watu wanasoma lebo. Mfamasia akikubali, mnaweza kuzihamishia kwenye chombo kingine kikavu chenye kifuniko, mkaandika siku ya kuanza. Kuiacha ghafla wakati ini lina makovu ni hatari kuliko macho ya majirani, kwa sababu virusi vinaweza kurudi kwa kishindo. Dawa haitamwahidi mwili wa miaka 30, lakini virusi vikitulia ini linapata nafasi, na kwa baadhi ya watu hata makovu hupungua. Asimeze ovyo dawa za maumivu za dukani, zile za diklofenaki na ibuprofeni, zinaumiza figo za mtu wa hali yake. Na kwa vile mahindi ndiyo biashara yenu, yaliyoota ukungu yasiingie jikoni. Mkoa wenu na Manyara mnakumbuka vifo vya sumukuvu mwaka 2016, na sumu hiyo ikikutana na virusi vya B huongeza sana hatari ya saratani ya ini.

Na wewe je? Barua nzima sijaona mahali ulipopima. Miaka mitatu, mwanangu. Kipimo ni tone la damu na majibu hutoka harakaharaka. Ukikutwa huna, unachanjwa, sindano tatu ndani ya miezi sita. Watoto nao wapimwe. Chanjo hii iliingia kwenye ratiba ya watoto wachanga Tanzania mwaka 2002, kwa hiyo wale wawili wadogo huenda walichanjwa kliniki, lakini huyu mkubwa wa 2000 alizaliwa kabla. Wembe, mashine ya kunyolea na miswaki kila mtu na wake. Sahani, vikombe, kukumbatiana, kulala kitanda kimoja, hivyo havina shida. Kumpima huyo wa 2000 kunaweza kukulazimisha umweleze sababu, na ni mtu mzima sasa. Hilo nalo linaweza kuwa ndiyo njia laini ya kumrudia baba yake: si "nitoe siri kwa mawifi," bali "mwanetu apime."

Kukiri ule unga sitakuamulia. Kwa wengine kukiri ni kujitua mzigo kwa kumtwika aliyekwisha kulemewa. Kwa wengine ni mwanzo wa yeye naye kusema ya kwake, ya 2013 na ya nyumba za wageni. Jiulize unataka akusikie kwa ajili gani, na kama leo hii, kwa kichwa kile kilichoshindwa 340 na 80, yuko tayari kukusikia. Hakuna anayekufukuza. Kwanza matibabu yamrudishie akili yake, kisha utamtazama usoni utajua.

Kile kitabu kiweke karibu. Kila jioni mpe aandike tarehe, jina lake, na hesabu moja ya magunia. Namba zikianza kunyooka, niandikie.

Mama Mshauri